Kupiga Solo Juu ya Kodi Tatu

Solo ya gitaa ni wimbo unaotungwa na vidole huku wimbo mwingine ukiendelea chini yake. Gitaa la ridhimu linazungusha kodi, besi inaushikilia mguu wa kila kodi, na mpiga solo anachagua noti moja baada ya nyingine, mara nyingi bila kuwa amezikariri kabla. Kwa wanamuziki, kodi ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Haina uhusiano na kodi ya nyumba wala ya mapato. Skeli ni ngazi ya noti ambamo kodi hizo zimechotwa. Kubuni solo papo hapo ni kutembea juu ya ngazi hiyo huku sikio likifuata ni kodi gani inalia kwa wakati huo. Wengi hujifunza nusu ya kwanza ya sentensi hiyo, yaani kutembea juu ya ngazi, wakaishia hapo. Nusu ya pili ndiyo inayoitenga solo na mazoezi ya vidole.

Katika Kata ya Endagikot, kwenye nyanda za juu za Mbulu mkoani Manyara, kama ilivyo katika vijiji vingi vya kaskazini mwa Tanzania, mlango wa kawaida wa kuingilia kwenye muziki ni kwaya. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, iko Bagamoyo, pwani. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kinachofundisha muziki, kiko ng'ambo ya mji wa Arusha. Kilicho karibu ni ubao wa mwalimu wa kwaya wenye do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Ubao huo ni mtaji mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Aliyeimba sauti ya pili au ya tatu kwa miaka miwili mitatu tayari anajua, ingawa hajawahi kulitamka, kwamba noti yake hubadilika kodi inapobadilika, na kwamba kuna mahali pa kutulia na mahali pa kupita tu. Kazi iliyobaki ni kuyahamishia maarifa hayo kwenye shingo ya gitaa.

Vitabu vingi vya gitaa huanza na maumbo yanayokata nyuzi zote sita. Maumbo hayo yana faida yake baadaye, lakini humfanya anayeanza ajifunze picha badala ya sauti. Ni afadhali kuanza na uzi mmoja. Uzi wa 3, ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, ukipigwa bila kubanwa hutoa G. Noti hiyo na iwe do. Kila freti, yaani kila chuma chembamba kilichokatiza shingoni, hupandisha sauti kwa nusu hatua, na freti 12 hukamilisha oktava nzima, kwa sababu freti ya 12 inaukata uzi katikati. Kwenye gitaa ambalo uzi wake una urefu wa sentimita 65, freti hiyo iko sentimita 32.5 kutoka kila upande. Freti ya 1 iko sentimita 3.6 hivi kutoka kichwani, na kila inayofuata inasogea karibu zaidi na mwenzake, ndiyo maana vidole hubanana kadiri mtu anavyopanda.

Juu ya uzi huo mmoja, re iko freti ya 2, mi ya 4, fa ya 5, so ya 7, la ya 9, ti ya 11, na do ya juu iko freti ya 12. Jicho linaona kile ambacho sikio la mwanakwaya limekijua siku zote: mi na fa zimebanana, ti na do zimebanana, na kwingine kote kuna nafasi ya freti mbili. Anayejifunza hana budi kuipanda na kuishuka ngazi hiyo huku akiimba jina la kila noti kwa sauti. Kuimba si pambo la zoezi. Kidole kinachoimbiwa hujifunza kwenda mahali ambapo sauti inataka, na siku ya kubuni solo, sauti ya kichwani ndiyo itakayotangulia.

Nyimbo nyingi zinazopigwa makanisani na katika dansi la Afrika Mashariki husimama juu ya kodi tatu. Katika ufunguo wa G, yaani G ikiwa do, kodi hizo ni G, C na D. Kodi ya G imejengwa kwa do, mi na so. Kodi ya C imejengwa kwa fa, la na do. Kodi ya D imejengwa kwa so, ti na re. Ukizichanganya zote tatu, zinatoa noti zote saba za skeli, bila kubakiza hata moja. Kwa hiyo hakuna noti ya skeli isiyokuwa na kwao. Kila noti ina kodi inayoipokea kama mwenyeji, na ina kodi ambako itakuwa mgeni wa kupita. Fa ikishikiliwa juu ya kodi ya G inakwaruzana na mi iliyomo ndani ya kodi, kwa kuwa zimetengana kwa freti moja tu. Fa hiyohiyo, kodi ikigeuka kuwa C, inatulia kana kwamba wimbo wote ulikuwa unaisubiri. Mpiga solo hakuhama. Nyumba ndiyo iliyobadilika.

Hapo ndipo zoezi lenye faida kuliko yote linapoanzia, nalo linahitaji noti moja tu kwa kila kodi. Mtu mmoja apige ridhimu ya G, C, D, na kurudi G, mapigo manne manne, polepole. Asipokuwepo wa kusaidia, simu yoyote yenye kinasa sauti itamrekodi mpigaji mwenyewe akipiga ridhimu kwa dakika kumi, kisha itamrudishia. Juu ya mzunguko huo, mpiga solo apite njia tatu kwenye uzi wa 3. Njia ya kwanza ni mi, fa, so, so: freti za 4, 5, 7, na 7 tena. Njia ya pili ni so, la, ti, do: freti za 7, 9, 11 na 12. Njia ya tatu ni do, do, ti, do: freti za 12, 12, 11 na 12. Kila noti katika njia hizi imo ndani ya kodi inayolia chini yake, na hakuna mruko unaozidi freti mbili.

Mwanakwaya atazitambua mara moja. Ni sauti za kwaya, kila moja ikitafuta njia fupi kutoka kodi hii kwenda ile. Aliyezipita mpaka zikamkaa anaweza kuanza kuzivunja: aanzie njia ya kwanza, ahamie ya pili kwenye kodi ya C, aingie ya tatu kwenye D. Kisha ajaze nafasi zilizo katikati kwa noti nyingine za skeli, alimradi kwenye pigo la kwanza la kodi mpya awe amefika kwenye noti ya nyumbani. Noti za katikati zinaweza kuwa nyingi au chache, za haraka au za kuburuta, na hata zikikosewa hazina madhara makubwa. Msikilizaji husamehe karibu kila kitu njiani, ila mahali pa kufikia husikia.

Badiliko la C kwenda D linastahili muda wake. Kodi ya G na ya C zinashirikiana do, G na D zinashirikiana so, kwa hiyo katika mabadiliko hayo mtu anaweza kuishikilia noti moja na bado akawa salama. Lakini C na D hazishirikiani noti hata moja. Asiyesogea hapo ameachwa. Ni mahali pa kurudia mara hamsini, kodi hizo mbili tu, mpaka kidole kijue chenyewe kwamba do inashuka freti moja kwenda ti au inapanda mbili kwenda re, fa inapanda kwenda so, na la inaweza kushuka kwenda so au kupanda kwenda ti.

Kuna skeli nyepesi zaidi, ya noti tano, inayoacha fa na ti: do, re, mi, so, la. Kwa kuziacha noti hizo mbili inaondoa mibanano yote ya nusu hatua, na ndiyo maana mtu anaweza kuipiga juu ya kodi zote tatu asisikie mkwaruzo mkali. Ni skeli inayopatikana katika nyimbo za asili za jamii nyingi duniani, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayeogopa kukosea. Usalama wake una bei. Noti zilizoachwa ndizo zinazoutangaza ujio wa C na wa D. Bila fa na ti, solo huelea juu ya kodi kama ukungu wa asubuhi juu ya mabonde ya Mbulu, haigusi chini. Anayeitumia na afanye hivyo akijua kwamba atazihitaji fa na ti mapema.

Skeli hii ina mtego unaowanasa wengi wanaojifunzia kwenye simu. Masomo mengi ya video yametoka Marekani na Ulaya, na huanza na skeli ya noti tano ya mina, ile ya bluzi na roki. Katika G, skeli hiyo ina G, B-flati, C, D na F. Ndani ya bluzi, B-flati inayosuguana na kodi ya G ndiyo utamu wenyewe. Muziki huo umelelewa na msuguano huo. Ikipelekwa kwenye pambio la furaha la kodi tatu, noti hiyohiyo inasikika kama kosa, na kijana anaanza kudhani kwamba vidole vyake havifai. Vidole havina kosa. Umbo hilohilo alilolikariri, lenye kuanzia freti ya 15, likishushwa freti tatu mpaka ya 12, linageuka kuwa skeli ya noti tano ya G meja, yaani do, re, mi, so, la. Hakuna umbo jipya la kujifunza, ni kuhamisha mkono tu. Nyimbo za mina zenyewe hazihitaji maelezo marefu: wimbo unaokaa kwenye E mina hutumia noti zilezile saba za G, ila nyumbani kwake ni la badala ya do.

Sauti ambayo msikilizaji wa Afrika Mashariki huitambua kuwa ni solo ya kwao, hata hivyo, mara nyingi si noti moja moja. Ni noti mbili zinazotembea pamoja, kama sauti ya kwanza na ya pili. Hapa uzi wa 2 unaungana na wa 3. Nyuzi zote mbili zikipigwa wazi zinatoa G na B, do na mi. Kisha uzi wa 3 freti ya 2 huenda na uzi wa 2 freti ya 1. Freti ya 4 na ya 3. Ya 5 na ya 5. Ya 7 na ya 7. Ya 9 na ya 8. Ya 11 na ya 10. Ya 12 na ya 12. Mara vidole vimelingana kwenye freti moja, mara cha uzi wa 2 kiko nyuma kwa freti moja. Sasa mtu atazame vinapolingana: nyuzi wazi, freti ya 5, ya 7 na ya 12. Nyuzi wazi na freti ya 12 ni kodi ya G. Freti ya 5 ni kodi ya C. Freti ya 7 ni kodi ya D. Nyumba tatu za wimbo zimejionyesha zenyewe shingoni, na kila jozi iliyoinama ni njia ya kupita kutoka nyumba hadi nyumba. Aliyegundua hili kwa vidole vyake hapotei tena katikati ya wimbo, hata umeme ukikatika na besi ikanyamaza.

Mtindo huu una historia ndefu katika nyimbo za Kiswahili zenyewe. Mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Mwenda wa Bayeke, anayejulikana zaidi kama Jean Bosco Mwenda, mjini Jadotville, leo Likasi, huko Katanga. Mwenda alipiga gitaa kavu kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba lilibeba besi, kidole cha shahada kikatoa wimbo, na kati yao kodi zikasikika bila kuwepo mpiga ridhimu. Kumsikiliza ni somo tosha la jinsi solo inavyoweza kuibeba kodi ndani yake. Baadaye bendi zilizigawa kazi hizo kwa watu: solo, solo ya pili, ridhimu na besi. Kwa Wakongo wa kizazi cha Franco Luambo na Docteur Nico Kasanda, mashairi yalipokwisha kuimbwa magitaa yaliachiwa uwanja, sehemu iitwayo sebene, ambamo kodi chache huzunguka na mpiga solo hujenga juu yake kwa kurudia na kubadili kidogo kidogo.

Kaskazini mwa Tanzania palikuwa na sehemu yake katika safari hiyo. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga wakafika Arusha mwaka 1970 na kuanzisha Arusha Jazz, wakati Mbulu bado ikiwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Mwaka 1971 walivuka kwenda Kenya, na huko wakawa Simba Wanyika, bendi ambayo magitaa yake yanayosukana bado ni darasa la njia fupi kati ya kodi na kodi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, na baada ya 1973 wa Super Volcano, aliimba na kupiga solo mwenyewe, na anayemsikiliza kwa makini atasikia gitaa likimalizia sentensi ambazo mdomo umeziacha wazi. Alifariki dunia Kenya Januari 1979 kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 34. Kwa miaka mingi sauti hizi zilivifikia vijiji vya bara kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, na wapigaji wengi wa zamani walijifunza kwa kusubiri wimbo upigwe tena. Kijana wa leo anaweza kuurudisha nyuma kwa kidole, na ni hasara asipoitumia neema hiyo.

Kuiga kwa sikio kuna utaratibu wake. Anayejifunza achague sekunde tano, si wimbo mzima. Azisikilize mpaka aweze kuziimba bila gitaa. Kisha atafute noti ya kwanza tu shingoni, na baada ya hapo aulize maswali mawili: ni kodi gani inayolia chini yake, na noti hii ni ya ngapi ndani ya kodi hiyo? Akizichambua sekunde tano kwa namna hiyo amepata zaidi ya aliyekariri dakika tatu za vidole. Kipande hicho na kihamishwe kwenye ufunguo mwingine, A au C, kwa maana kwaya huchagua ufunguo kwa kufuata koo la mwimbaji, wala haimngoji mpiga gitaa.

Kinachobaki ni namna ya kuzungumza. Noti sahihi zinazomiminika bila kupumua huchosha, na hili ndilo kosa la kawaida la aliyekwisha kuizoea skeli. Wairaqw wa Mbulu wana slufay, maombi ya baraka ambamo mzee hutamka fungu la maneno na wasikilizaji humwitikia, kisha fungu jingine, kisha mwitikio. Mwendo huo unafundisha solo kuliko kitabu. Fungu fupi la noti nne au tano lipigwe, likome, nafasi ibaki wazi kwa mapigo mawili. Fungu la pili lijibu, likianza kama la kwanza na kumalizia kwingine. Mzunguko wa kodi unaporudi, fungu lilelile lirudiwe, ila noti ya mwisho isogezwe ili iingie kwenye nyumba ya kodi mpya. Katika sebene, fungu moja linaweza kurudiwa mara nane, na watu hucheza zaidi kwa sababu wanalijua. Wapigaji waliokomaa pia huiwahi kodi: huifikia noti yake nusu pigo kabla ridhimu haijageuka, na wimbo mzima unahisi kuvutwa mbele. Hilo halifundishiki kwa namba. Linakuja kwa kupiga na watu.

Hali ya hewa ya Mbulu nayo ina neno. Miezi ya Juni na Julai baridi ya nyanda za juu huzikaza nyuzi za chuma, na gitaa lililotyuniwa alfajiri nje ya kanisa litashuka sauti likishakaa saa nzima ndani, kati ya watu waliojaa. Solo ya noti mbili mbili huufichua mtelezo huo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu uzi wa 2 na wa 3 hazishuki sawasawa. Anayejua hutyuni akiwa ndani, baada ya watu kuketi, na hukagua tena kabla ya wimbo ambao solo yake imepangwa.

Mwisho wa solo ni wa waimbaji. Mzunguko wa mwisho unapoanza, mpiga solo hupunguza noti, hushuka kutoka freti za juu, na kwenye kodi ya D huiacha ti isikike waziwazi ili kila mtu ajue kwamba G inakuja. Kisha huangalia ubeti unaofuata unaanzia noti gani. Ukianzia so, vidole vyake vikomee so, freti ya 7, viikabidhi kwa sauti ya kwanza ikiwa bado inalia. Ukianzia mi, vishuke mpaka ya 4. Kwaya inavuta pumzi, inaichukua noti iliyoachiwa, na gitaa linarudi kwenye ridhimu.